Siku Dona Valdelice Alipokwenda Kukosoa

Mtaa mzima wa Engenho Velho, hakuna aliyejua kukosoa kama Dona Valdelice. Akipita jikoni kwako, maharage yako yana maji mengi. Akija msibani, jeneza limewekwa upande. Siku moja alimkosoa padri katikati ya ubatizo, na padri wa watu akahamisha mshumaa. Lakini watu walimvumilia, kwa sababu mikono ile ilikuwa dawa. Kwa miaka hamsini aliwaogesha watu kwa majani: waliofiwa, walioachwa, waliotoka hospitali wamebaki mifupa, na wale wasiojua wanaumwa nini ila hawalali. Unaingia uani kwake umenuna, unatoka unaulizia chakula.

Sasa ua ule ulikuwa na miezi minane umefungwa. Mdogo wake, Nair, alikuwa amefariki, na Nair ndiye aliyekuwa akimwogesha yeye. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mmoja alikaa kwenye kigoda, mwingine akamwaga maji, halafu wakabadilishana. Sheria ya nyumba yao, waliyoikuta kwa bibi yao, haikuwa na mjadala: anayeogesha watu lazima naye aogeshwe, na hawezi kujiogesha mwenyewe. Asipoogeshwa, mizigo ya watu inabaki mwilini mwake, na hana ruhusa ya kumgusa mwingine.

Basi mizigo ilikuwa imembakia mwilini. Bega lilimganda, usingizi ukamhama, na wateja akawa anawafukuza kwa kusema majani ya siku hizi hayafai. Uongo mtupu! Alikuwa na majonzi yaliyomjaa hadi kooni, na kuomba msaada hakujui. Angeliomba kwa nani, baada ya kuwakosoa wote?

Jucimara, binti wa Nair, alijipeleka mara tatu. Mara zote tatu alitolewa mbio.

"Naomba baraka, Mama Mkubwa."

"Mungu akubariki. Kama umekuja na lile jambo lako, chukua baraka yako uende."

"Lakini majani nayajua."

"Unayajua? Wewe unayafanyia sarakasi! Si wewe uliyelala kutwa nzima juu ya lundo la mahindi, watu wamesimama wanakutazama?"

"Ile ilikuwa kazi ya sanaa, Mama Mkubwa."

"Kulala ni kazi? Basi marehemu mume wangu alikuwa msanii mkubwa."

Ndiyo, Jucimara alikuwa msanii, ila hachori wala haimbi. Sanaa yake ni kufanya jambo kwa mwili wake mbele ya watu, nao wakatazama au wakaingia ndani yake. Agosti ilipofika, mwezi wa Mzee, mungu wa maradhi na uponyaji, ambaye kwa heshima yake watu humwagiwa bisi, Jucimara akapewa ghala la zamani la tumbaku huko mji wa chini, kwa siku tatu. Kazi yake safari hii ilikuwa kumwogesha kwa majani yeyote atakayeingia, bure, mbele ya kadamnasi.

Dona Valdelice aliapa hatatia mguu. Jumamosi jioni jirani yake Edelzuíta akaja, mikono kiunoni.

"Dona Valdelice, mimi sitaki kusema."

"Basi usiseme."

"Anayachemsha majani."

Kisu kilimponyoka Dona Valdelice. Majani mabichi yanafikichwa kwa vidole kwenye maji baridi, taratibu, huku unayaimbia. "Anayachemsha? Kama kabichi?"

"Yanatokota, dada yangu."

Jumapili Edelzuíta akarudi. "Afadhali jana. Leo nimeziona bisi. Anazikaanga kwa mafuta. Na chumvi."

"Bisi za Mzee? Zinazokaangwa kwa mchanga wa moto tu? Ala! Anadhani Mzee anakwenda sinema?"

Jumatatu asubuhi Edelzuíta hakupiga hata hodi. "Anamwaga utosini!"

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwisha. Kichwa cha mtu kina mwenyewe, na mwenyewe si binadamu; maji ya majani yanaanzia shingoni kwenda chini, na hilo hata paka wa mtaa ule analijua. Dona Valdelice akavaa sketi yake nyeupe iliyopigwa wanga, shanga zake zote, akachukua mwavuli ingawa hakukuwa na wingu. "Leo nitamtia adabu mbele ya hao watu wake," alisema. Edelzuíta aliingia kwake mbio, amejifunika uso kwa aproni, mabega yanamtikisika. Dona Valdelice akadhani analia.

Nje ya ghala kulikuwa na foleni ya watu waliovaa nguo nyeusi na miwani mizito. Bwana mmoja wa mlangoni akamzuia kwa upole.

"Samahani mama, tunaingia kwa namba."

"Namba? Aliye ndani humo nimemkata kitovu mimi. Na wewe, shati lako limefungwa vifungo vibaya."

Bwana akaangalia shati lake, na Dona Valdelice akapita.

Ndani watu walikuwa wamekaa mikekani, kimya. Katikati alisimama Jucimara, peku, kitambaa cheupe kichwani, mbele yake beseni na kigoda. Mtu mmoja mnene mwenye tai ndiyo kwanza anainuka, machozi yanamtiririka bila aibu.

"Simama hapo hapo!" alinguruma Dona Valdelice. "Asiondoke mtu!"

Kalamu zikatoka mifukoni. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba hii sasa ni sehemu ya pili.

Dona Valdelice akatumbukiza mkono kwenye beseni. Maji ni baridi. Akainua majani, akayatazama: yamefikichwa kwa vidole, jani kwa jani. Akanusa. Kivumbasi, pitanga, aruda kidogo, hakuna lililozidi wala lililopungua. Akachota bisi kwenye ungo, akatafuna, chumvi hakuna, ila chembe ya mchanga ikalia kwenye jino. Akamvuta yule mwenye tai kwa sikio, akamkagua. Shingo imelowa, nywele kavu kabisa.

Akasimama pale na mwavuli wake, hana la kukosoa. Hali hiyo haikuwahi kumpata tangu azaliwe.

"Edelzuíta," alisema polepole. "Nyoka yule."

"Nilimnunulia bagia sita za akaraje," alisema Jucimara. "Na mbili za kwenda nazo nyumbani."

Ghala zima likaangua kicheko.

"Je, huyu mama naye yumo kwenye kazi?" akauliza mtu wa gazeti.

"Nitakutia wewe kwenye kazi sasa hivi! Nyamaza!" Akamgeukia Jucimara. "Haya, umenileta. Nimeona. Kwaheri."

Mlango ulikuwa hatua kumi tu. Na angeondoka, kichwa juu, akarudi kulala macho akitazama dari, bega likimuuma hadi kunakucha. Jucimara hakumzuia. Alisema tu, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka:

"Mama Mkubwa, tangu Jumamosi nimeogesha watu sitini na mmoja. Mizigo yao yote ninayo mimi. Leo nani ataniogesha?"

Dona Valdelice akasimama. Jibu alilijua, na alijua kwamba mkono wake hauna ruhusa hadi yeye mwenyewe apite kwenye kigoda kile kwanza. Akamtazama mtoto wa mdogo wake. Macho yalikuwa yameingia ndani, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Umefanya makusudi."

"Makusudi kabisa."

"Mtoto mshenzi wewe."

"Si umenilea wewe?"

Alimpa yule mwenye tai mwavuli amshikie. Akaketi, akashusha blauzi mabegani, akawaambia watu wote watazame pembeni, na wote wakatazama pembeni.

Jucimara akachota maji kwa kibuyu, akayamwaga. Yakaanzia bega la kushoto.

La kushoto! Ni kulia kwanza, kila mtu aliyefundwa anajua ni kulia kwanza. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu wa kuanzia kushoto, naye ni Nair. Kila mwezi kwa miaka hamsini Valdelice alimpigia kelele, "Kulia, Nair, kulia!" na Nair akaitikia, "Ndiyo dada, ndiyo," na mwezi uliofuata akaanza kushoto tena, hadi mwezi wake wa mwisho. Jucimara hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kumtazama mama yake.

Maji yakateremka mgongoni. Dona Valdelice alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya kukosoa. Ilitoka nyingine, ya miezi minane, na hakuna aliyeandika kitu.

Alipopata pumzi akasema, "Umekosea."

Kibuyu kikasimama hewani. Kwa mara ya kwanza siku ile Jucimara aliogopa kweli. "Wapi, Mama Mkubwa? Nianze upya?"

"Thubutu!" alisema Dona Valdelice, akainamisha shingo. "Mwaga hivyo hivyo."