Studio ya Trei za Mayai

Mjukuu wangu Kui alitoa mahindi yangu ghalani, magunia ishirini na mawili, akayapanga verandani. Ati ghala sasa ni studio. Kwaya anayoiongoza Nakhumicha ilikuwa ije kutoka Bungoma Jumamosi kurekodi, kazi ya kwanza ya Kui hapa Kitale, na jirani yetu Ndirangu ana mashine ya kusaga posho inayonguruma kutwa.

"Hiyo kelele haitaingia, shosho," akaniambia. "Nabandika trei za mayai ukutani."

Trei alizipata bure kwa mfugaji wa kuku wa Moi's Bridge. Nilipofungua mlango Ijumaa, harufu ilinirudisha nyuma. Mayai yaliyopasukia humo yalikuwa yamekauka rangi ya usaha, manyoya yamenata juu, na mavi ya kuku. Joto la mabati lilikuwa limeamsha yote. Nikasogea kuangalia vizuri. Ukuta ulikuwa unatembea. Utitiri, mdogo kama unga, ulishafika kwa mkono wangu.

"Si zitakauka tu," Kui akasema, pua ndani ya leso.

Jumamosi wanakwaya waliingia kumi na mmoja. Hawakufika kiitikio. Msichana wa sauti ya kwanza alifungua mdomo, akaufunga, akakimbia kutapika kwenye sukumawiki yangu bustanini. Na mashine ya Ndirangu ilisikika vizuri kabisa.

Nakhumicha akaja kwangu akijikuna shingo, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Kukhu, utusamehe, tunarudi Bungoma. Hapa mnarekodi watu ama kuku?"

Kui akakaa kizingitini, akalia.

"Ghala likijaa mahindi," nikamuuliza, "nikikuita chai ukiwa ndani, huwa unasikia?"

"Hapana, shosho."

"Basi."

Akageuka kuangalia magunia pale verandani. Nikamwomba Nakhumicha angoje nipike chai. Tuling'oa trei, tukazichomea nyuma ya choo. Nikasugua kuta kwa maji moto na sabuni mara tatu, nikitema mate kila mara. Wanakwaya wakabeba magunia wenyewe, wakayapanga ukutani mpaka juu, mengine mlangoni, wakabakisha mahali pa kusimama. Mashine ikabaki kama nyuki wa mbali. Wakaimba mpaka mwisho.

Kui hunichezea huo wimbo kila jioni. Ni mzuri. Lakini kwenye ubeti wa pili kuna mtu anajikuna. Kui anasema hasikii kitu. Mimi nasikia, na yai sijala tangu siku hiyo.