Firimbi za Kumpokea Mchungaji

Ernesta alikuwa mwanamke wa kupanga mambo, na akishapanga, ole wako uyapangue. Usharika wao pale Kirushya ulikuwa umekaa miaka mitatu bila mchungaji. Watoto walikua bila kubatizwa, na wafu walizikwa na yeyote aliyejua kusoma. Basi barua ilipofika kwamba Mchungaji Abeli Nshoma ameitikia wito na atawasili Jumapili, wazee wa kanisa hawakuulizana mara mbili. Mapokezi akakabidhiwa Ernesta.

Lakini moyoni Ernesta alikuwa na jambo lake jingine. Tangu mwaka uliopita, watu walipoanza kumiminika kutoka Burundi, alikuwa akiishi na Spesiyoza, mwanamke kijana aliyemkuta amejikunyata nyuma ya jiko lake, mjamzito, miguu imevimba, neno hatamki. Wenzake walipelekwa kambini. Huyu Ernesta alimng'ang'ania. Akamwogesha, akamlisha, akamzalisha kwa mikono yake mwenyewe. Ilipita miezi hadi Spesiyoza aseme kwamba mumewe aliitwa Sindayigaya, na hakuongeza la pili. Kanisani hakukanyaga, kwa kuwa watu wengi waliokusanyika mahali pamoja hakuwaweza. Ni wiki hiyo tu, baada ya kubembelezwa mpaka Ernesta akachoka na sauti yake mwenyewe, ndipo alipokubali: atakuja, atakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mtoto wake atakuwa wa kwanza kubatizwa na mchungaji mpya. Ernesta alilia kwa furaha, halafu akajikaripia kwa kulia.

Haya, mapokezi. Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga, wakiongozwa na Bulugu, walileta ngoma na firimbi, maana Bulugu alishikilia kwamba furaha isiyo na firimbi ni matanga. Ernesta akaongeza lake: kila mtu ajifunge majani mabichi ya mgomba kichwani na kiunoni, watoke wote hadi njia panda, wamlete mchungaji kwa shangwe. Yeye mwenyewe alijifunga taji kubwa kuliko yote. Alimwacha Spesiyoza kanisani, mtoto mgongoni, akamwambia atulie, wanarudi sasa hivi.

Gari likachelewa. Bulugu, ambaye mikono ilikuwa inamwasha, akasema wafanye mazoezi kidogo, wateremke hadi kanisani kisha wapande tena. Wakateremka, watu mia na ushee, majani yakipepea, ngoma, firimbi, nyimbo, Ernesta mbele.

Akamwona Spesiyoza amesimama mlangoni akiwatazama. Kufumba na kufumbua, mlango ulikuwa mtupu, na migomba nyuma ya kanisa ilikuwa ikitikisika.

Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Ernesta alikimbia kumfuata, na kwa kuwa Ernesta ndiye aliyekuwa akiongoza, usharika mzima ukakimbia. Kukimbia kwenyewe hakuna aliyejua kunatokana na nini. Huyu alisema nyuki, yule akasema wanajeshi wamevuka mpaka, mzee mmoja akaapa kwamba paa la kanisa linaanguka. Na gari nalo likachagua saa hiyohiyo kufika. Mchungaji Nshoma akashuka na suti yake, akaona migongo tu ya waumini wake ikipotelea migombani. Alimuuliza dereva kama ndipo hapa. Dereva naye hakuwa na uhakika tena.

Kule migombani Ernesta alikimbia huku kichwa kikimzunguka. Ameona nini? Nimemkosea nini? Akawa anamwita kwa sauti yote, Spesiyoza, Spesiyoza, ni mimi. Na kadiri alivyoita ndivyo nyayo zilivyozidi kwenda mbali. Alimkuta bondeni, ndani ya mtaro kando ya shamba la maharage. Alikuwa amemzungusha mtoto hadi kifuani na kumziba mdomo kwa kiganja. Mtoto alikuwa akirusha miguu.

"Anakosa pumzi, mwanangu," Ernesta alisema, akainama kumshika. Jani moja likamwangukia usoni. Ndipo alipotambua kwamba macho ya Spesiyoza hayakuwa yakimtazama yeye. Yalikuwa kwenye majani. Akayang'oa, ya kichwani na ya kiunoni, akayatupa mbali. Polepole kiganja kikalegea, mtoto akavuta hewa, akalia.

"Ni mimi, Ernesta. Mbona nilikuwa nakuita kwa jina?"

"Hata kule walituita kwa majina, Mama. Walikuwa majirani, wamejifunga majani hivi hivi, wanapuliza firimbi."

Ernesta aliketi kwenye tope. Alitaka kusema kwamba huku siko kule, kwamba ule wimbo ulikuwa wa kumsifu Mungu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa.

Mchungaji akatokea, viatu vimejaa tope, Biblia kwapani, anahema. Akamwamkia Ernesta shikamoo, akauliza kwa upole kama kuna msiba au yeye ndiye amekosea siku. Ernesta alisahau hata kuitikia marahaba. Na huko juu, ambako wengine walikuwa wamesimama, Bulugu alikuwa ameambiwa kwamba mchungaji keshafika salama. Akapuliza firimbi kwa kifua chote, na ngoma zikaitikia.

Spesiyoza akafungua mbeleko kwa haraka ya mtu aliyewahi kufanya hivyo, akamweka mtoto mapajani pa Ernesta.

"Mshike wewe," alisema. "Wewe ni wa kwao, hawatakugusa."

Kisha akalala kifudifudi katikati ya maharage. Mchungaji aligeuka, akawapigia kelele wale wa juu wanyamaze, na ngoma zikakatika moja baada ya nyingine. Ernesta alimkumbatia mtoto, na hadi leo hajui kama siku ile aliaminiwa au aliogopwa.