Mwalimu Breki na Gari la Viti Viwili

Kwanza nikiri kosa. Habari hii nimeshaisimulia vijiweni mara nyingi, na kila mara nimeianza vibaya. Huwa naanza na mzee mwenye kitambi aliyekwama ndani ya gari jekundu la spoti, miguu nje, kichwa chini ya usukani, huku dalali akimvuta kama anayeng'oa kisiki. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mtu akishacheka namna hiyo huwezi tena kumwambia jambo la kutisha. Kwa hiyo leo naanza na mguu.

Mguu wenyewe ni wa mwalimu wa udereva. Alifundisha tangu enzi ana nywele mpaka zilipomkimbia, kwenye gari la mafunzo lenye breki mbili: moja ya mwanafunzi, na nyingine upande wa abiria, ya mwalimu, ya kuokoa maisha. Ile ya mwalimu ndiyo iliyouharibu mguu wake. Ukawa unakanyaga hata pasipo na gari. Akitazama mpira sebuleni, mchezaji akichomoka kwa kasi, mguu unakanyaga. Akipanda teksi, mguu unakanyaga. Zulia mbele ya kochi lake limetoboka mahali pamoja tu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, naye alilipenda hilo jina, maana yeye mwenyewe ni mtu wa utani.

Siku ya kumzika mkewe alikaa mbele kwenye gari lililobeba jeneza, pembeni ya dereva, na mguu ule ulikanyaga njia nzima, kutoka hospitali mpaka makaburini. Dereva aliona, akaendelea kuendesha.

Basi, alipostaafu, Mwalimu alimwambia binti yake kwamba anatafuta gari dogo la spoti. Lililotumika, la bei ya kuumiza lakini isiyoua.

Binti yake ni mfamasia, mtu wa kusoma maandishi madogo kwenye chupa. Alimtazama kama anayempima homa.

"Baba, tununue gari la maana. Lenye buti. La kubebea wajukuu."

"Wajukuu wenyewe wako wapi?"

"Watakuja."

"Wakija, watapanda basi pamoja na ndugu zangu."

Binti akacheka, halafu akaacha kucheka. Maneno yale yalikuwa ya mama yake. Mama alikuwa akipita mbele ya yadi ya magari anasimama kwenye uzio, anayatazama yale madogo ya milango miwili, anasema, "Siku moja nitakuwa na la kwangu, la watu wawili tu. Ndugu zako wote wapande basi." Na Mwalimu alikuwa akijibu vilevile kila mara: "Tukistaafu, Mama."

"Na kiti cha pili?" binti akauliza polepole. "Kitakuwa cha nani?"

"Cha kuwekea kofia," akasema Mwalimu.

Wakaenda yadini pamoja. Dalali wa pale walimwita Sukari, kwa sababu ya mdomo wake. Udereva alifundishwa na Mwalimu huyohuyo na mtihani ukamshinda mara mbili, kwa hiyo mbele yake alikuwa bado anasimama wima.

"Mwalimu wangu! Leo umekuja kunifelisha tena?"

"Nimekuja kuona kama ulijifunza kurudi nyuma."

Kwanza wakaangalia lile jekundu, na hapo ndipo alipokwama. Lilikuwa chini mno. Kulikalia ni kama kukalia beseni. Likafuata la njano, zuri kwa mbali kama bibi harusi, lakini Mwalimu alipitisha kiganja chini ya mlango kikarudi na kutu. Rangi ilipakwa juu ya ugonjwa. La tatu lilikuwa la kijivu, paa lake turubai, viti viwili, nyuma hakuna kitu. Liliegeshwa peke yake kando ya ukuta. Injini ikawaka kwa sauti nyembamba, safi. Spea zake zinapatikana, mafuta halibwii sana.

"Hili kuna mtu anakuja kulichukua jioni," Sukari akasema. "Sikudanganyi, mwalimu wangu. Wengine nawadanganya, wewe hapana."

Mwalimu alifungua mlango wa dereva akakuta kiti kimesogezwa mbele mpaka mwisho, magoti hayapiti. Kioo cha kati nacho kilikuwa kimeinamishwa, kama cha mtu mfupi.

"Aliyelileta alikuwa mfupi?"

"Nimelileta mimi," Sukari akasema. Yeye ni mrefu kama nguzo. "Tangu nilipolipaki hajaingia mtu."

Mwalimu akarudisha kiti nyuma, akakiinua na kioo. Mkewe alikuwa mfupi. Wafupi wako wengi, akajiambia.

Nyuma ya yadi kulikuwa na barabara iliyonyooka, yenye ukuta mrefu wa maghala upande mmoja, ikiishia kwenye njia panda. Mwalimu akatoka peke yake. Gari likaenda vizuri, gia zinaingia kama kisu kwenye siagi, naye akaanza kutabasamu. Kabla ya njia panda, mbali sana kabla, gari likapunguza mwendo.

Alitazama mguu wake. Ulikuwa kwenye mafuta.

Akakanyaga mafuta zaidi. Gari likavuta kidogo, kisha likashikwa tena, taratibu, kwa nguvu ya mtu asiyetaka kukurusha kwenye kioo lakini hataki uende.

Akarudi yadini. "Sukari, breki zinashika."

Fundi wa pale akaliinua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu yote kwa mkono. Yalizunguka bila kusita. Binti akachukua usukani, Sukari pembeni, wakaenda na kurudi, nywele zimemtimka. "Baba, hili gari ni tamu! Breki ziko sawa kabisa." Mwalimu akaendesha na binti yake pembeni, na kweli, likateleza kama maji.

"Umeona?" akasema binti. "Ni mguu wako tu huo."

"Ngoja nijaribu tena peke yangu."

Safari hii aliangalia vizuri. Likashikwa mbele ya shimo ambalo halijafika. Likashikwa kwenye lango la ghala, ambako hapakuwa na mtu wa kutoka. Likashikwa tena kwa mwendesha baiskeli aliyekuwa bado mbali kama nzi. Mwalimu akaanza kutoka jasho, kwa sababu breki zile alizijua. Zilikuwa za kwake.

Alikuwa amemfundisha mkewe udereva mara moja tu, kwenye lile gari la breki mbili. Wanafunzi wa mji mzima alikuwa na subira nao, ila mkewe alimwogopea mno. Alimfungia breki kwa shimo ambalo halijafika, kwa lango, kwa baiskeli, na kila mara alitoa sauti kwenye meno, "tss". Katikati ya barabara mkewe alizima gari, akachomoa ufunguo, akamwekea kiganjani. "Endesha mwenyewe, baba. Wewe hutaki dereva, unataka mtu wa kumfungia breki." Akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo alikaa kiti cha nyuma, maisha yake yote. Watu wakitania, "Mke wa waziri huyo!" Mwalimu akawa anacheka nao. Ukigeuza jambo mzaha, watu hawakuulizi tena.

Sasa, kwenye barabara tupu, pembeni yake, akasikia mtu anatoa hewa kwenye meno.

Tss.

Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Chini, mbele ya kiti, hapakuwa na kanyagio lolote, zulia tu. Lakini zulia lile lilikuwa limebonyea, mahali padogo, kama chini ya kisigino cha mwanamke. Gari lilipoachiwa kwenda, zulia likainuka. Liliposhikwa, likabonyea.

Aliliacha likasimama lenyewe. Akatoka, akarudi yadini kwa miguu, funguo zimebaki ndani.

Binti alimkimbilia. "Baba! Umegonga?"

"Yumo mle."

"Nani?"

"Mama yako. Kakaa kwa abiria, ananifungia breki."

Sukari akajifanya anafuta kioo cha gari la njano.

Binti akamshika baba yake mkono. "Baba, tuliache. Twende nyumbani. Mwache huyo wa jioni alichukue."

"Siwezi. Nilimwahidi. Nilisema tukistaafu tutanunua la watu wawili, mimi na yeye, nimtembeze."

"Umtembeze?" Binti akamtazama. "Sivyo alivyosema."

"Alisema la watu wawili."

"Alisema, 'La kwangu. La watu wawili tu, ndugu zako wapande basi, na wewe utakuwa abiria.' Kila mara alimalizia hivyo, baba. Kila mara. Wewe ulikuwa umeshaanza kucheka."

Mwalimu alisimama pale kama mtu aliyeitwa na hajui sauti imetoka wapi. Akakumbuka kiti kilichosogezwa mbele mpaka mwisho. Akakumbuka kioo. Vilikuwa vimeshapangwa tayari kabla hajafika, na yeye ndiye aliyeingia akavivuruga.

"Nisubiri hapa," akasema.

"Baba, naogopa."

"Hata mimi. Nisubiri."

Gari lilikuwa palepale kando ya ukuta, injini inanguruma kidogo. Jua la mchana lilikuwa kali, barabara tupu. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akakivuta kiti mbele mpaka kikagoma. Akakiinamisha kidogo kioo cha kati, kimtoshe mtu ambaye kimo chake alikijua kwa kichwa kilichomwegemea begani miaka yote. Akaufunga mlango taratibu, akazunguka upande wa pili.

Kukaa kulimpa shida, na kitambi kile. Mguu ulipogusa zulia tu, ukataka kukanyaga. Akauinua. Akauinua na wa pili, akavua viatu, akakunja miguu yote miwili juu ya kiti kama mtu aliyekaa mkekani, magoti yakambana kwenye mlango. Akaikalia na mikono. Angekuwepo mtu wa kumwona angecheka, na mimi ningekuwa wa kwanza.

"Haya, Mama," akasema.

Injini ikanguruma. Usukani haukutikisika.

"Miguu nimeikunja, unaona. Sikanyagi kitu. Hata tss sitatoa."

Kule mbele, mwendesha baiskeli alikuwa anarudi, anakua taratibu barabarani. Mguu wa Mwalimu ukaruka chini ya paja lake kama samaki, akaukandamiza. Baiskeli ikafika, ikapita karibu kabisa na kioo, ikaenda zake. Hakupumua mpaka kengele yake iliposikika nyuma.

Akageuza uso, akatazama kile kiti kilichosogezwa mbele, kitupu, ngozi yake ikimeta juani.

"Kwa mwendo wowote unaotaka," akasema. "Kokote. Nipeleke, mke wangu. Tafadhali, nipeleke."