Meli ya Ubavu Mmoja

Mume wangu Nkwabi alirudi kutoka vita vya Burma na picha tatu, na mimi nilizichukia zote siku ile ile ya kwanza. Mtu aliyekaa mbali muda wote ule ungetegemea arudi na kanga, au walau sufuria. Yeye alifungua mkoba wake wa kijeshi mbele ya ukoo mzima, akatoa vikaratasi vilivyoviringishwa kwenye kitambaa, akasema, "Mbuke, njoo uone bahari."

Picha ya kwanza ilikuwa maji matupu hadi mwisho wa karatasi. Ya pili ilikuwa meli kubwa imetia nanga Mombasa, imepigwa picha ubavuni, bomba linatoa moshi na watu wadogo wadogo wamejipanga juu. Ya tatu ilikuwa ufukwe: wanawake waliojifunika nguo nyeusi, wanaume wa kanzu na kofia wakipakua samaki, watoto uchi wakichimba mchanga. Alizinunua kwa Mhindi mpiga picha siku waliyoteremshwa melini, akazibeba mpaka Shinyanga kama mtu aliyebeba mayai.

Baba mkwe aliishika ile ya ufukwe, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Hakuna ng'ombe pale, baba."

"Hata mmoja? Sasa watu hawa wanaoa kwa mahari gani?"

Ukoo mzima ulicheka, na mimi nikacheka. Nkwabi hakucheka. Aliposema maji yale ni ya chumvi, wakamwambia basi angetuletea debe moja ng'ombe walambe. Aliposema meli ilikwenda siku nyingi bila kuona nchi kavu, shangazi yake akamuuliza kwa upole kama alikuwa bado na homa. Tangu hapo akipita njiani watoto walimwita Bahari, na wakubwa zao hawakuwakemea.

Mbali na Nkwabi, mtu mmoja tu hakucheka siku ile, naye ni jirani yetu Mama Maige, mjane. Mwanawe Maige aliondoka na Nkwabi kwenda vitani, wakiwa wamevaa kaptula zinazofanana, na hakurudi. Nkwabi alimwambia kijana alikufa kwa homa, basi. Mama Maige aliiangalia ile picha ya maji matupu kwa muda mrefu, akairudisha.

Sasa niseme Nkwabi alikuwa nani kabla ya vita, maana bila hivyo mtaniona nilikuwa mke mgomvi wa bure. Alikuwa manju wa Wagalu, kiongozi wa ngoma na nyimbo zao. Kwetu Wasukuma ngoma zina pande mbili, Wagalu na Wagika, na kila mwaka baada ya mavuno pande hizo zinashindana. Ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja, saa moja, na watu wako huru kusimama wanapotaka. Manju anayewavuta wengi ndiye mshindi. Anayezima ngoma yake kabla ya jua kushuka ameshindwa, hakuna haja ya kuuliza. Na si mchezo tu, kwa sababu vijana wanaomfuata manju ngomani ndio wanaomfuata shambani na majembe. Manju asiye na watu ni mtu mwenye sauti nzuri tu, na njaa.

Nkwabi alipokuwa vitani, vijana wake walikwenda kunywa dawa ya ngoma, ile inayomfunga mchezaji kwa manju wake, kwa Jilala, manju wa Wagika. Aliporudi alikuta wamebaki wachache, wengi wao wenye magoti mabovu. Siku moja kwenye pombe, mbele ya Jilala na watu wote, alisimama akasema, "Mwaka huu nikishindwa, nazitundika ngoma zangu. Naenda Geita kuchimba dhahabu. Huko hawamuulizi mtu ameona nini."

Walioenda Geita niliwajua. Wengine walirudi kwa msimu, wakala, wakalala, wakaondoka. Wengine walioa huko huko. Mimi nilikuwa nimeshamngoja mume huyu ujana wangu wote, nimelima peke yangu, nimemzika mama yangu peke yangu, na sasa alikuwa amerudi na tulikuwa na mtoto mgongoni. Nilimgombeza njia nzima ya kurudi nyumbani. Alinisikiliza, akasema, "Nitatengeneza meli."

Msicheke. Mamanju walikuwa wakitengeneza kila aina ya kioja ili kuwavuta watu. Mmoja alichonga mwanamke wa mti anayenyonyesha, mwingine alicheza na chatu. Nkwabi alitaka meli juu ya mkokoteni wa ng'ombe, ya fito na magunia, na bomba la madebe lenye moshi wa kweli. Kazi alimpa Mabula seremala, mtu makini aliyetutengenezea vigoda vyote vya kijiji, akamwachia ile picha ya pili. Yeye mwenyewe akaenda kuomba magunia makuukuu kwenye vinu vya pamba, akayatuma kwa Mabula, na huko wakambakiza ayalipie kwa kazi. Alirudi siku moja kabla ya mashindano.

Mabula alitupeleka nyuma ya nyumba yake kwa majivuno. Meli ilikuwa imesimama pale, ndefu kuliko zizi, imepakwa masizi na chokaa, na madirisha yake ya mviringo yamepangwa vizuri. Hata mawimbi alikuwa ameyakata kwenye ubao. Juu alikuwa amepanga watu wa kuchonga, kila mmoja urefu wa kidole gumba, kama walivyokuwa kwenye picha. Nkwabi alipiga makofi kwa furaha, akazunguka kuiona upande wa pili. Nikamfuata.

Upande wa pili haukuwepo. Zilikuwepo fito, kamba, na sakafu ya mkokoteni.

"Mabula," Nkwabi alisema, "ubavu mwingine uko wapi?"

"Haumo kwenye picha."

"Lakini meli ina mbavu mbili!"

"Mimi sijaiona meli, wewe ndiye umeiona," Mabula alisema, naye amekasirika. "Ulinipa picha, nimetengeneza picha. Nitengeneze kitu nisichokiona, halafu nikikosea niitwe mwongo kama wewe?"

Muda wa kujenga ubavu mwingine haukuwepo. Nkwabi aliamua kuiegesha meli mgongo kwenye vichaka, asubuhi watu wakiwa bado hawajafika, na kumwomba Mungu wasizunguke.

Uwanja wa Ngokolo ulijaa siku ile mpaka vumbi likafunika miti. Jilala alikuwa na wachezaji waliovaa manyoya ya mbuni na njuga miguuni, na lazima nikiri walipendeza. Lakini moshi ulipotoka kwenye bomba letu la madebe, watu walipiga yowe, wakaanza kuja. Walikuja kwa kundi, wakisukumana. Nkwabi aliimba akiwa ndani, kichwa kimetokeza juu ya wale watu wa kidole gumba, na sauti yake ilikuwa ile ile iliyonifanya nikubali kuolewa.

"Mbona watu wa baharini ni wadogo hivi?" mama mmoja aliuliza.

"Wamekosa maziwa," mwenzake akamjibu. "Hujasikia hawana ng'ombe?"

Hata kicheko kile kilikuwa kizuri, kilikuwa cha watu wanaobaki. Nilianza kuona nyumba yangu ikiwa na mwanamume ndani yake masika na kiangazi. Ndipo kijana mmoja wa Jilala alipopenya vichakani akatokea nyuma, akapaza sauti, "Ni ubavu mmoja! Njooni muone, ni ukuta tu! Bahari amedanganya tena!"

Walizunguka, wakaona, na safari hii kicheko kilikuwa kingine. Wakaanza kurudi kwa Jilala, kwanza vijana, halafu akina mama na watoto wao. Nkwabi aliendelea kuimba, lakini niliona shingo yake, na niliijua shingo ile. Ilikuwa imeshafika Geita.

Hasira ilinipanda. Sikumkasirikia kijana yule, wala Mabula. Niliukasirikia mkokoteni wenyewe, magunia, vita, na bahari na maji yake yote. Nilipita mbio hadi nyuma, nikapanda pale palipokuwa wazi, mtoto mgongoni, nikapiga yowe kama mtu aliyeibiwa.

"Mnacheka nini? Nje mmekwisha kuona! Huku ndiko ndani! Mlitaka mlango mkubwa kuliko huu? Pandeni muone mume wangu alikokaa wakati ninyi mnakunywa pombe!"

Hakuna aliyeniambia niseme hivyo. Yalitoka yenyewe. Kikongwe mmoja mwenye fimbo alisema, "Kama ni kupanda, mimi napanda," akanyoosha mkono nimvute. Baada yake walipanda wawili, halafu wakawa wanagombania. Nkwabi alielewa upesi. Mume wangu hakuwa mjinga, alikuwa mkaidi tu. Aliwaketisha bega kwa bega kama walivyoketishwa wao askari. Aliwaonyesha pa kulala na pa kutapikia, akawaambia vijana watikise mkokoteni taratibu, na waliokuwa ndani walipiga kelele kwa raha. Waliposhuka walipishana na waliongoja kupanda. Mmoja aliapa amesikia harufu ya chumvi. Uwanja ulianza kuinama upande wetu. Jilala aliongeza ngoma nyingine, lakini wachezaji wake walikuwa wanaangalia meli.

Ndipo Mama Maige akaja. Alisubiri zamu yake kama wengine. Alipopanda hakuketi, alimsogelea Nkwabi akamshika mkono.

"Mwanangu alikaa wapi?"

Nkwabi akamwonyesha mahali pembeni yake. Mama Maige akaketi hapo, akanyoosha miguu, akatandaza viganja juu ya mbao. Halafu akainua uso.

"Na mlimzika wapi?"

Nkwabi aliinua mkono, na ngoma zetu zikanyamaza.

Watu walikuwa wetu, jua lilikuwa bado juu, na mume wangu alikuwa amezima ngoma yake mwenyewe! Ningekuwa na viatu ningemrushia. Upande wa pili Jilala alikuwa anapiga, na kila mtu alijua maana yake.

"Hatukumzika, mayu, mama yangu," Nkwabi alisema. "Homa ilimchukua tukiwa majini, tunakwenda vitani. Nchi kavu ilikuwa mbali. Walimviringisha kwenye turubai wakamshusha baharini. Niliogopa kukwambia. Ningekwambiaje mwanao hana kaburi?"

Kwetu mwanamume huzikwa nyumbani, karibu na zizi, ng'ombe wapite juu yake na watoto wajue babu yao alipo. Kumtupa mtu majini hatukuwahi kusikia. Mtu mmoja alisema, "Yoo!" akajiziba mdomo. Mama Maige hakulia.

"Upande gani?"

Nkwabi alinyoosha mkono kwenye fito tupu. "Upande huu, mayu. Huu usiokuwemo kwenye picha."

Alipaangalia pale palipokuwa wazi kwa muda, kama alivyoiangalia ile picha ya maji.

"Mlimwimbia?"

"Tulimwimbia. Tulikuwa Wasukuma wachache tu, na wimbo tuliojua sote ulikuwa wa kulima. Tukauimba huo."

"Uimbe."

Akaimba bila ngoma, wimbo ule wa majembe ambao kila mtoto wa huku anaujua. Aliyekuwa karibu aliupokea, na aliyekuwa nyuma yake akaupokea. Ulifika mpaka kwa wachezaji wa Jilala, nao wengi walikuwa wa Nkwabi zamani na walijifunza kuimba kwake. Nikasikia ngoma za Jilala zinapungua, zinapungua, kisha zikanyamaza kabisa. Jilala mwenyewe alikuwa amevua manyoya ya kichwani, anaitikia. Uwanja mzima uliimba, Wagalu na Wagika, na nililia mpaka mtoto mgongoni akaamka. Ninasema wazi, ilikuwa siku nzuri kuliko siku ya harusi yangu.

Wazee waamuzi walibishana mpaka jua likazama. Mmoja alisema Nkwabi ameshindwa kwa sababu ndiye aliyetangulia kuzima. Mwingine alisema hakuna aliyeshinda. Nkwabi alikuwa anafungua kamba za mkokoteni bila kuwasikiliza. Nilimfahamu. Alikuwa anahesabu safari ya Geita.

"Nimezima ngoma yangu," aliniambia. "Neno ni neno, Mbuke."

Nilifungua mdomo kumjibu, na nilikuwa na mengi ya kumjibu. Mama Maige alinitangulia. Alikuwa bado ameketi pale pale melini, peke yake, watu wote wameshuka.

"Huendi Geita," alisema.

"Mayu, niliahidi mbele za watu."

"Mimi sikuwepo ulipoahidi. Hapa kwetu ni wewe peke yako unayejua mwanangu alipo. Ukienda kufukiwa huko mashimoni, nitamuuliza nani?"

Nkwabi alisimama na kamba mkononi. Kisha aliitupa, akampa mama yule mkono, akamshusha polepole, akaenda naye njia ya nyumbani akimweleza habari za maji yale: rangi yake asubuhi, na jinsi samaki walivyokuwa wakiruka pembeni ya meli siku ile.

Mimi niliyegomba mwezi mzima, niliyepika, niliyepanda mkokoteni na mtoto mgongoni, sikusikilizwa hata kidogo. Niliwafuata nyuma nikinung'unika na kufuta machozi, na sijui hata leo kama niliwahi kufurahi hivyo tena.