Chupa Iliyonyamaza

Siwaamini watu wanaosema kwamba zamani mambo yalikuwa bora. Katika wodi yetu ya zamani ya watoto njiti rangi ilibambuka ukutani, nyufa za madirisha zilizibwa kwa plasta ya vidonda, na joto liliwafanya wauguzi wasinzie wakiwa wima. Hata hivyo naikumbuka wodi ile kuliko inavyostahili, na sababu ni sauti yake. Kila mtoto aliyesaidiwa kupumua alikuwa na chupa ya maji kando ya kitanda. Hewa ilimwingia puani kwa vimirija viwili laini, na iliyobaki ikatokea ndani ya chupa. Maadamu maji yalibubujika, tulijua kwamba hewa inayashikilia mapafu yasinywee. Mashine za leo hazisemi kitu mpaka ziwe na malalamiko.

Mwaka ule shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alijifungua binti mimba ikiwa ya miezi saba. Tundu za pua yake zilitoshana na za kishikizo cha shati. Kwa kuwa nilikuwa baba mkubwa wa mgonjwa, msimamizi wa wodi alinipiga marufuku kutoa amri kitandani pale.

"Kwingine kote wewe ni daktari," aliniambia. "Hapa ni ndugu wa mgonjwa. Saa za kutazama wagonjwa zimebandikwa mlangoni."

Tulimwita Komandoo. Aliwahi kumtoa nje mganga mkuu kwa sababu ya viatu. Alipopanga vimirija vya saizi mbalimbali kwenye trei, shemeji akanyoosha kidole.

"Hivyo vidogo kabisa, dada, tafadhali. Hivyo vingine ni vya ndama."

Komandoo hakuwa mtu wa kubembelezwa. Lakini alimtazama yule mama, aliyeegemea ukuta huku ameshika mshono wake wa upasuaji, kisha akachukua vile vidogo.

Kesho yake mchana chupa ilinyamaza. Kifua cha mtoto kilikuwa kikizama chini ya mbavu kila alipovuta pumzi. Komandoo akasukuma kidevu cha mtoto taratibu ili hewa isitokee kinywani, kinywa kikafumbika, na maji bado hayakutikisika. Hewa ilikuwa ikivuja pembeni mwa vimirija, navyo vilicheza puani hadi vikaichuna ngozi. Akajaribu barakoa ndogo kuliko zote; ikamfunika mpaka kwenye kope, ikavuja vilevile. Mtoto akichoka, ingebidi apitishiwe mpira kooni na kuunganishwa na mashine ya kumpumulia. Mashine hiyo ilikuwa moja, na ilikuwa na mtoto mwingine.

"Nilikuonea huruma wewe, mama," Komandoo akasema bila kuinua macho. "Pua ni yake. Sasa naweka vile vikubwa. Vikijaa vizuri havichezi, na visipocheza havichuni."

"Mtampasua mwanangu!" Shemeji akanigeukia. "Na wewe sema kitu, shemeji! Miaka yote ile ulisomea nini?"

"Leo mimi ni mgeni. Muulize mwenye wodi."

"Mgeni gani anamaliza uji wa mzazi?"

Shemeji akafuta uso kwa ncha ya khanga.

"Haya, weka, dada. Mimi nitatazama ukutani."

"Utatazama hapahapa. Kichwa atakishika nani?"

Akakishika. Komandoo alilowesha vimirija, akaviingiza, akaacha nafasi ndogo visiusugue ukuta wa kati wa pua. Akakagua kama ngozi ya tundu imepauka kwa kubanwa; haikuwa imepauka. Akafunga mikanda yake kwenye kofia ya mtoto.

Maji yalitulia kwa muda ambao sikuupenda. Povu moja likapanda, likafuatwa na jingine, kisha chupa nzima ikaanza kububujika. Tukasimama tukikitazama kile kifua hadi kikapungua kuzama.

"Toa kichwa chako, mama," Komandoo akasema. "Unamzibia mwanga."

Wodi ile sasa ni stoo ya mashuka. Lakini jioni ya siku ile, ilipokaribia kufungwa kwa wageni, nilimkuta shemeji bado ameketi pale, sahani ya chakula ikiwa imepoa mapajani. Nikamwambia kwa busara ya kitabibu kwamba mama anayenyonyesha anapaswa kula na kupumzika.

"Nyamaza, shemeji," akasema. "Namsikiliza mwanangu."