Nepi Saba za Ng'ambo

Halmashauri yetu ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, Afisa Utamaduni alipewa miezi sita aandike historia yake. Miezi mitano ya kwanza alitafuta picha ya mto ya kuweka kwenye jalada. Mwezi wa sita ndipo akaandika.

Mimi ndiye ninayefagia ofisi yake. Kila asubuhi nilikuta karatasi zimezagaa chini ya meza, nikaziokota na kuzipanga. Huwezi kupanga karatasi bila kutazama namba, na ukishatazama namba macho hayakubali kuishia hapo. Ukurasa wa kumi na saba ulinifanya nikae kwenye kiti cha bosi bila kujijua. Ulisema kwamba zahanati iliyotakiwa kujengwa ng'ambo ya mto ilijengwa upande huu kwa sababu "mwanamke mmoja wa ng'ambo, kwa uzembe wake, alianika nepi wakati wa kura."

Mwanamke huyo ni bibi yangu, mama yake mama.

Halmashauri hii ina pande mbili na mto uko katikati. Ofisi iko upande huu. Mvua ikizidi, kivuko kinafungwa na madiwani wa ng'ambo hawawezi kuja. Basi waanzilishi wakatunga Kanuni ya Kumi na Nne: kivuko kikifungwa, madiwani wa ng'ambo wasimame gatini kwao, wapige kura kwa vitambaa. Cheupe ni ndiyo, chekundu ni hapana. Mwenyekiti anasimama kwenye baraza ya ofisi na darubini, anahesabu. Siku hizi kila diwani ana simu, lakini kanuni inasema kura lazima "ionekane kwa macho ya Mwenyekiti", na kuifuta kanuni kunahitaji madiwani wote wawe chumba kimoja. Hawajawahi kuwa chumba kimoja.

Miaka arobaini iliyopita walipiga kura ya zahanati. Hoja ilikuwa ijengwe upande huu. Kamba ya bibi ya kuanikia ilikuwa pale pale karibu na gati, na mama yangu alikuwa na wiki tatu tangu azaliwe. Mwenyekiti wa wakati ule akahesabu nepi pamoja na kura. Zahanati ikajengwa huku, hatua mia moja kutoka ofisini. Watu wa ng'ambo wakavuka na wagonjwa wao mwaka baada ya mwaka, na kila walipokwama kwa mafuriko walimkumbuka bibi. Jina lake hakuna alitumiaye. Anaitwa Bi Nepi. Hata watoto wasiojua zahanati ni nini wanamwita Bi Nepi. Tangu siku ile hajaanika kitu cheupe nje. Mashuka yake hukaukia chumbani, yananuka ukungu, na sisi wajukuu tumelala kwenye ukungu huo utoto wetu wote.

Niliacha shule darasa la tano kwa sababu ya mto huo huo, maana shule nayo iko huku. Kusoma nimekuja kukumalizia kwenye stoo ya halmashauri. Kila mwaka maji yanaingia stoo, na kila mwaka mimi ndiye ninayetoa madaftari ya mihtasari ya vikao na kuyaanika barazani, ukurasa kwa ukurasa. Miaka minne sasa. Nikakumbuka kwamba daftari la mwaka ule lina jalada la kijani lililotafunwa na mchwa. Nikaenda nikalitoa.

Yaliyokuwamo yalinitia hasira. Kura za upande huu: ndiyo tano, hapana tatu. Kura za ng'ambo: nyeupe saba, nyekundu sita. Na juu kabisa, kwenye orodha ya waliohudhuria, imeandikwa kwamba madiwani wa ng'ambo walikuwa sita. Kura kumi na tatu zimetoka kwa watu sita! Pembeni, kwa mwandiko mdogo, karani ameongeza: "Mwenyekiti alijulishwa kwamba vitambaa vyeupe vyote ni nepi. Mwenyekiti alisema kikao kimeshafungwa."

Walijua. Jioni ile ile walijua.

Nilimpelekea Afisa Utamaduni daftari. Nilisimama mlangoni muda mrefu kabla hajaniona.

"Ndoo umeisahau wapi?" akauliza.

"Si ndoo, bosi. Ni ukurasa wa kumi na saba."

Akasoma ule mstari wa pembeni, akacheka. "Kumbe! Lakini hii haiwezi kuingia, dada."

"Kwa nini?"

"Historia imeshapigwa chapa."

"Mbona iko mezani kwako, na kalamu iko juu yake?"

"Namaanisha imeshapigwa chapa kichwani." Akanirudishia daftari. "Na huyo mwenyekiti wa zamani ni baba yake Mwenyekiti wa sasa. Unataka nikafagie na mimi? Andika barua, ipitie kwa mkuu wako wa idara."

Mkuu wangu wa idara ni yeye huyo huyo.

Niliandika barua. Ilikaa kwenye trei yake wiki mbili, na mimi mwenyewe nikawa naipangusa vumbi. Mwishoni nikampelekea daftari diwani wa sokoni, fundi cherehani, mama mwenye sauti kubwa. Alisoma huku sindano ziko mdomoni, akazitoa moja moja.

"Tangu lini umelijua hili?"

"Wiki tatu."

"Na umenyamaza?"

"Sikunyamaza. Niliandika barua."

"Hapa barua na kunyamaza ni mtu na pacha wake," akasema. "Nitapeleka hoja. Neno uzembe litoke, maneno ya karani yaingie."

Jumapili nikavuka kumweleza bibi. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye maneno ya pembeni, akaacha.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo walijua?"

"Walijua, bibi."

"Na mimi miaka arobaini nalalia mashuka mabichi." Akaurudia mchele wake, lakini aliutupa na kuacha mawe. "Wataandika?"

"Wanapiga kura Alhamisi."

"Kura tena," akasema, kama mtu aliyeambiwa jino lile lile linang'olewa upya.

Jumatano usiku mvua ikanyesha. Alhamisi kivuko kikafungwa, jua likawaka kali, kana kwamba mbingu nayo iko upande wao. Madiwani tisa wa upande huu walikaa. Mama fundi akasoma maneno ya karani kwa sauti. Mwenyekiti akatazama dari. Mmoja akasema tusifukue ya marehemu. Mwingine akauliza chai iko wapi. Wakapiga kura: ndiyo nne, hapana tano.

"Sasa ng'ambo," akasema Mwenyekiti, akatoka barazani na darubini ya halmashauri. Kioo chake kimoja kimepasuka, kwa hiyo anafumba jicho. Mimi nilikuwa pale pale na sinia la vikombe.

"Nyekundu mbili. Nyeupe... nne."

Karani akaandika. Mama fundi akajumlisha haraka. "Nane kwa saba! Hoja imepita!" Akanibana bega hadi vikombe vikagongana.

Nikatazama ng'ambo. Macho yangu ni mazima. Watu gatini walikuwa watano. Vitambaa vilikuwa sita, na cha sita kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kinapepea taratibu kati ya miti miwili ninayoijua tangu sijajua kutembea. Bibi alikuwa ametoa shuka nje. Miaka arobaini hajatoa, na katika siku zote za Mungu amechagua hii!

Nilitamani kulia na nilitamani kumpigia kelele zivuke mto mzima.

"Mheshimiwa," nikasema. Hakuna aliyesikia. Huwa hawanisikii. Nikaweka sinia chini kwa kishindo.

"Mheshimiwa, moja ni shuka."

"Nini?"

"Nyamaza," mama fundi akaninong'oneza. "Tumeshinda, mwanangu. Nyamaza."

Lakini kama ningenyamaza, bibi angekuwa ameshinda kwa nguo zake kama zahanati ilivyoshinda kwa nguo zake, na kesho wangesema Bi Nepi amerudia.

"Madiwani wa ng'ambo ni watano," nikasema. "Umehesabu sita. Lile kubwa ni shuka la bibi yangu. Msilihesabu."

Mwenyekiti akafumba jicho, akatazama tena. Shingo yake ikabadilika rangi.

"Nyeupe tatu," akasema polepole.

Saba kwa saba. Kura zikilingana, kanuni inasema hoja inaahirishwa hadi mwaka ujao. Mama fundi alinitazama kama mtu aliyetiwa mchanga kwenye chai. Afisa Utamaduni akapumua kwa raha na kufungua biskuti.

"Naandika nini, mheshimiwa?" karani akauliza. "Nimeshaandika nne."

Mwenyekiti alikuwa bado amesimama na ile darubini. Watu wote walikuwa wamesikia, na daftari la kijani lilikuwa wazi mezani.

"Futa," akasema. "Andika ilivyo."

Karani akaandika. Niliposafisha meza nikasoma: "Shuka moja la mkazi wa ng'ambo lilihesabiwa kwa makosa ya Mwenyekiti. Mjukuu wake alieleza. Halikuhesabiwa."

Kitabu kilitoka mwezi uliofuata, picha ya mto kwenye jalada, ukurasa wa kumi na saba na uzembe wake. Lakini mimi nilivuka mapema, Jumamosi ile ile kivuko kilipofunguliwa. Shuka lilikuwa bado kwenye kamba.

"Wameandika?" bibi akauliza kabla sijavua viatu.

"Kitabuni, hapana. Mwaka ujao labda."

"Na kwenye lile daftari lao?"

"Kwenye daftari wameandika kwamba makosa ni ya Mwenyekiti."

"Maneno hayo hayo? Makosa ya Mwenyekiti?"

"Hayo hayo."

Akaitazama kamba. "Na shuka langu?"

"Nimewakataza wasilihesabu. Tumeshindwa kwa sababu hiyo, bibi. Ungeanika Ijumaa tu!"

"Ijumaa hakukuwa na jua," akasema. Akaenda kwenye kamba, akalishika shuka, akalinusa, kisha akaligeuza upande wa pili likauke vizuri.