Mgonjwa wa Mezani

Jamani, siku ile nilikuwa na furaha mpaka nikawa najichekea mwenyewe kwenye korido. Sista mkuu aliniuliza kama nimelewa. Nikamwambia ndiyo, nimelewa mashine.

Ilikuwa mashine mpya ya kupiga picha mishipa ya moyo, na ungeiona, na wewe ungelewa! Mkono wake mkubwa umejikunja juu ya kitanda, kioo chake kipana kuliko meza yetu ya kulia nyumbani. Unaingiza mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, unaupandisha mpaka moyoni, unamwaga dawa, na pale kwenye kioo mishipa ya moyo inajitokeza yote, kona kwa kona. Ukiona palipoziba unapeleka puto dogo, unalijaza, unaacha kijibomba cha waya kishikilie ukuta wa mshipa, unatoka zako. Muda wote mgonjwa yuko macho. Anaweza hata kukuuliza mpira uliishaje jana.

Miaka yote ya nyuma nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa daktari bingwa wa moyo nisiye na njia ya kuugusa moyo. Nikimwona mtu mshipa wake unaziba, nampa vidonge, namwandikia rufaa ya mbali, nampungia mkono, halafu narudi chumbani na hasira za kumng'ata mtu. Wengine walirudi wakicheka. Wengine nililetewa habari zao. Ndiyo maana niliitafuta ile mashine kwa udi na uvumba, nikagombana na kila ofisi yenye mlango. Wafanyakazi wangu wananiita Pilipili, wanadhani sijui. Najua, na jina nimelipenda.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, angeingia mchana. Alikuwa ameshalazwa, amenyolewa, anasoma gazeti kwa sauti ili kila mtu wodini ajue habari. Mimi ndiye niliyetakiwa kushika mrija. Pembeni yangu angekuwa Dokta Taratibu, bingwa kijana niliyembatiza hilo jina mwenyewe, maana hata jengo likiwaka moto atakwambia "taratibu, Mkuu." Alikuwa amekaa na mashine za namna hii zaidi kuliko mimi, huko alikosomea, ila hana makeke. Makeke yote nilikuwa nayo mimi.

"Mkuu, kaa chini ule," aliniambia. "Mikono yako inacheza."

"Inacheza kwa furaha!"

"Hata hivyo kaa."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa ofisini kwangu, mlango ukagongwa, akaingia mume wangu na vibakuli viwili vya chakula kwenye mfuko. Nikaruka nikamkumbatia. Alikuwa na jasho.

"Lifti imeharibika," alisema.

"Pole! Njoo nikuonyeshe mashine kwanza."

"Tule kwanza, Mama Watoto. Mashine haitoroki."

Huyu mwanamume inabidi nimweleze. Tulisoma darasa moja, na mitihani yote alikuwa ananipita, tena bila kukesha. Angeweza kuwa bingwa wa chochote. Akachagua ngozi, kwa sababu ngozi haimwamshi mtu usiku, na nyumba yenye watoto ilihitaji walau mzazi mmoja anayelala kwake. Mimi humtania kuwa ni daktari wa upele. Yeye siku nikiwahi kurudi huwatangazia watoto, "Haya, mgeni amefika, mpisheni kiti." Miezi ile ya karibuni utani wake ulikuwa umeanza kuniudhi, lakini nilikuwa na mafundi wa kusimamia, nikaupuuza.

Basi, tangu tukiwa wanafunzi tuna mchezo wetu. Wakati wa kula, mmoja wetu analeta mgonjwa mezani. Jina halitajwi, yanatajwa umri na shida zake tu, vilevile tunavyowasilisha wagonjwa kwa wakubwa wetu asubuhi wodini. Mwenzake anauliza maswali na kukisia ugonjwa. Sahani zikiwa tupu hajapatia, vyombo anaosha yeye. Watoto wetu walikua wakidhani kila nyumba inakula hivyo. Binti yetu alipokwenda kula kwa rafiki yake mara ya kwanza, alirudi akishangaa: "Mama, wale hawana mgonjwa wa mezani!" Lakini tangu kazi ya mashine ianze hatukuwa tumecheza. Meza ya jioni walikuwa wanakaa bila mimi.

"Nimekuletea mgonjwa," mume wangu alisema huku akifungua bakuli.

Nikapiga makofi. "Mlete! Leo nakushinda asubuhi na mapema."

"Ni saa ya chakula cha mchana."

"Mlete wewe!"

Akafuta uso kwa leso. "Mgonjwa ni mwanamume wa makamo. Kazi yake ya kukaa. Analalamika kiungulia ambacho hakisikii dawa. Amekunywa dawa zote za kiungulia zilizomo ndani."

"Sigara?"

"Aliacha zamani."

"Kiungulia kinakuja akila?"

"Hapana. Kinakuja akitembea upesi. Akipumzika kinaondoka."

Nikacheka na chakula mdomoni, adabu sina. "Baba Watoto, umenihurumia leo! Huo ni moyo! Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakwambia huo ni moyo. Kingine?"

"Anachoka. Taya linamuuma kidogo, akadhani ni jino. Na mkono huu wa kushoto unakufa ganzi, akadhani ameulalia."

"Akadhani, akadhani! Mtu huyu amesoma shule gani? Mlete leo leo, anangoja nini? Mashine iko hapo, mrija uko hapo, mimi niko hapa. Mlete!"

"Anasema mkewe ana shughuli nyingi. Hataki kumsumbua."

Hapo ndipo Pilipili ilipopanda kichwani. "Mke gani huyo? Analala na mtu kitanda kimoja haoni kwamba mtu hapumui vizuri? Kipofu? Na huyo mwanamume naye ni wa ajabu, anakaa kimya na moyo unamwomba msaada! Mwambie mkewe namtaka ofisini kwangu, nimpe vidonge vyake."

Mume wangu hakucheka. Alikuwa anasukuma chakula kutoka upande mmoja wa bakuli kwenda mwingine. Mimi langu nilikuwa nimeshalikomba.

"Mkewe si mbaya," alisema. "Ni mtu mwenye ndoto. Mgonjwa aliona heri angoje ndoto ya mkewe itimie kwanza, halafu ndiyo aseme. Isipokuwa wiki hii imezidi. Zile ngazi za nyumbani, akifika kwenye picha ya harusi lazima asimame. Nasimama pale, najifanya naifuta vumbi."

Nikaweka kijiko kwenye bakuli langu tupu.

Sijui kama lugha nyingine zina kitu hiki, lakini kwetu mtu akiwa anasema habari za mwingine kila neno linabeba a. Anasimama, anajifanya, anaifuta. Mume wangu amewasilisha wagonjwa maisha yake yote, hajawahi kukosea. Na sasa alikuwa amesema n: nasimama, najifanya.

"Nani anasimama?" niliuliza.

Akarudi kusukuma chakula.

"Baba Watoto. Nani anasimama kwenye ngazi?"

Akainua macho. Ndipo nilipomwona, Mungu wangu, nikamwona kwa mara ya kwanza tangu aingie. Lile jasho halikuwa la ngazi. Alikuwa ameshakaa muda wote huo, feni inampuliza, na shati limemganda mwilini. Midomo imepauka. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imetulia katikati ya kifua, pale pale ninapowafundisha wanafunzi kila mwaka: mgonjwa akiwaonyesha maumivu kwa ngumi, msiulize mara mbili.

"Sasa hivi kinauma?" nilisema.

"Tangu kwenye ngazi hizi za kwenu. Leo hakijaondoka nilipopumzika." Akajaribu kutabasamu. "Sikutaka kukuharibia siku."

Siku! Nilipiga ukelele uliosikika mpaka dawa zinapogawiwa. Nikampa aspirini atafune, nikamlaza kwenye kitanda cha kupimia nyuma ya pazia, nikamrarua vifungo vya shati. Sista mkuu akaja mbio na mashine ya kupima umeme wa moyo. Karatasi ikaanza kutoka, na mistari ikapanda mimi nikiitazama, mistari ambayo nimeisoma mara nyingi mno kwa watu wa wengine. Kipande cha moyo wa mume wangu kilikuwa kinakosa damu.

"Fungueni chumba!" nilisema. "Naingia naye."

Dokta Taratibu alikuwa amesimama mlangoni, tayari amevaa. "Taratibu, Mkuu."

"Usiniambie taratibu! Niletee glavu!"

"Sikuletei." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Huyu si mgonjwa wako. Huyu ni mumeo. Ungekuwa mimi, ungeniachia?"

Ningemtupa nje kwa dirisha. Yeye alijua, mimi nilijua, na mikono yangu hiyo hapo, inatetemeka, na safari hii si kwa furaha. Nikawaza mashine yangu, mgonjwa wangu wa kwanza, mrija niliousubiri ujana wangu wote. Nikamtazama mume wangu. Akanikonyeza, yule mjinga, pumzi inamkata na anakonyeza.

"Mwachie kijana," alisema. "Wewe kaa na mimi."

Wakati kitanda kinasukumwa, mwalimu mkuu mstaafu alishusha gazeti na kuuliza kuna nini. Nikamwambia nafasi yake imechukuliwa na dharura, anisamehe. "Mpishe haraka," alisema, "mimi bado sijafika ukurasa wa michezo."

Nilivaa vazi la risasi la kuzuia mionzi nikasimama upande wa kichwa cha mume wangu, mkono wangu kwenye paji lake, roho yangu yote iko mkononi. Sikugusa kitu kingine. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kusimama bila kufanya kazi. Dokta Taratibu akaingiza mrija. Akaupandisha. Akamwaga dawa, na kwenye kioo kikubwa kuliko meza yetu ukatokea moyo ambao nimeulalia sikio tangu nikiwa msichana. Mshipa wa mbele ulishuka vizuri, halafu ghafla ukawa uzi. Baada ya hapo karibu hakuna kitu.

"Ni pale kwenye picha ya harusi," mume wangu alinong'ona, naye anatazama kioo.

"Nyamaza!"

Puto likaenda. Likajaa. Yeye akakunja uso, akanibana vidole mpaka nikaona nyota. Likatolewa puto, kijibomba kikabaki, dawa ikamwagwa tena.

Nyie! Damu ilipita! Ilishuka yote kwa mpigo mmoja, ikajaza matawi mpaka ncha, matawi ambayo sekunde chache nyuma hayakuwepo. Nikapiga vigelegele. Ndiyo, mkuu wa kitengo, bingwa, mbele ya watumishi wake, na vazi la risasi mwilini, alipiga vigelegele. Sista mkuu akaitikia. Hata Dokta Taratibu alisema "Naam!" kwa nguvu, akashtuka mwenyewe. Ndipo nikaanza kulia, tena kwa sauti, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

"Kiungulia kimeondoka," mume wangu alisema, kama mtu anayeshangaa.

Alasiri nilikuta wamemlaza karibu na dirisha, rangi imemrudia. Mwalimu mkuu alikuwa ndani kwenye zamu yake, nami nilikuwa nimemwachia Dokta Taratibu na huyo vilevile. Nikavuta kiti. Nilikuja na maneno makali niliyoyapanga: kwamba ni mshenzi, kwamba angeniacha mjane kwa adabu zake. Nilipofungua mdomo yakapotea.

Akaanza yeye. "Vyombo unaosha wewe. Bakuli lako lilikuwa tupu kabla hujajua mgonjwa ni nani."

"Ugonjwa nilipatia!"

"Ugonjwa ulipatia tangu mwanzo. Mgonjwa ndiye uliyemkosa."

Nikageuza uso. Nje ya dirisha watu walikuwa wanatoka kazini, wanaitana, wanakimbilia kwao.

"Haya, zamu yako," alisema. "Lete mgonjwa."

Nikajifuta pua. "Mgonjwa ni mwanamke wa makamo. Kazi yake, daktari wa moyo. Mikono inamtetemeka. Anarudi nyumbani watu wamelala, anatoka hawajaamka, na anajisifu kwamba anaokoa watu. Mumewe alisimama kwenye ngazi kwa miezi, yeye akawa anapita pembeni yake anaongea na simu."

"Anaumwa nini?"

"Anaogopa."

"Nani anaogopa?"

Nikaona amenikazia macho, hakonyezi sasa.

"Naogopa," nilisema. "Mimi. Naogopa sana."

Akasogea kitandani polepole kunipa nafasi, mkono wenye bandeji kifuani.

"Huyo mlete leo leo," alisema. "Anangoja nini?"

Nikavua kitambulisho changu shingoni nikakiweka juu ya kabati, nikavua viatu.